Mbio Ndefu kama Mradi wa Pembeni: Somo kutoka Mikese



Kuna swali linalozunguka hosteli kila muhula, tangu bumu linapokata hadi linapoingia lingine: ufanye mishe gani pembeni ambayo haitakupeleka kwenye sapu? Majibu ya kawaida tunayajua. Mitumba, juisi, kusuka, uwakala wa miamala, kuwachapia watu kazi zao. Leo naleta jibu ambalo si la kawaida, ila ndilo ninaloishi nalo: mbio ndefu. Sizungumzii zile kilomita 5 za fulana na picha. Nazungumzia mbio zinazozidi marathoni, yaani zaidi ya kilomita 42.195. Wenyewe wanaziita ultramarathoni, na umbali wake huwa kilomita 50, 80, 100 na kuendelea.

Kwetu ni Mikese, kama kilomita 30 mashariki ya Morogoro mjini, kwenye barabara kuu ya kwenda Dar. Ukikaa pale unaiona Uluguru kwa mbali, malori yanapita usiku kucha, na nyuma ya nyumba kuna njia za mashamba zinazoenda hadi utakapochoka. Kwenye njia hizo ndiko nilikojifunza kukimbia saa nyingi. Watu wengi huniuliza: "Sasa wewe na mbio zako, unapata nini?" Ni swali la haki, na ndilo somo la leo. Nitajibu kwa mifano ya watu waliofanya, kisha kwa hesabu.

1. Kasi yako haiuziki

Mtu akipenda mbio, wazo la kwanza ni kushinda na kuchukua zawadi. Tuliangalie wazo hilo bila kujidanganya. Septemba 2025, Alphonce Simbu, Mtanzania mwenzetu na mwanajeshi, alichukua dhahabu ya marathoni kwenye Mashindano ya Dunia kule Tokyo kwa saa 2:09:48. Mjerumani aliyemfuata alipewa muda huo huo, na ilibidi waangalie picha ya mstari wa kumalizia ndipo mshindi ajulikane. Tofauti ilikuwa sehemu tatu za mia moja ya sekunde. Huko juu ndivyo palivyobana. Ukiwa mwanafunzi mwenye vipindi, maabara na asaimenti, usijenge mradi juu ya kuingia kwenye nafasi hiyo.

Ila mtu anayekimbia sana ana kitu kingine, na mara nyingi hakioni kwa sababu amekizoea. Anajua njia. Anajua wapi pana kivuli saa tano, wapi pana maji, kilima kipi kinavunja watu, na mwili hufanya nini baada ya saa ya nne. Hiyo ndiyo bidhaa. Mradi unaosimama ni ule unaoyatumia maarifa hayo kumvusha mtu mwingine. Waliofanikiwa ndivyo walivyofanya.

2. Dereva wa treni na pauni moja

Mbio kongwe na maarufu kuliko zote za aina hii Afrika ni Comrades ya Afrika Kusini, kati ya Durban na Pietermaritzburg, karibu kilomita 90. Siku hizi huvuta makumi ya maelfu ya watu. Aliyeianzisha, Vic Clapham, hakuwa tajiri wala bingwa. Alikuwa dereva wa treni. Kwa hiyo Comrades ilizaliwa kama mradi wa pembeni wa mtu mwenye kazi yake.

Wazo hilo alitoka nalo huku kwetu. Katika Vita Kuu ya Kwanza Clapham alikuwa askari kwenye kampeni ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, yaani Tanganyika, na alitembea umbali mkubwa sana kwa miguu. Aliporudi aliomba chama cha maveterani kiandae mbio za kuwakumbuka wenzake waliokufa. Akakataliwa. Akarudi, akakataliwa tena. Mwaka 1921 wakakubali, wakampa pauni moja ya gharama, tena ya kurudisha. Tarehe 24 Mei 1921 walianza watu 34, wakamaliza 16. Mshindi, Bill Rowan, alitumia karibu saa tisa.

Vita hiyo hiyo ilipita Mikese. Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907, na Mikese ikawa stesheni. Waingereza walipouteka mji wa Morogoro Agosti 1916, Mikese ikawa mahali pa kushushia shehena za jeshi lililokuwa likielekea kusini, Duthumi na Rufiji. Kutoka stesheni, mizigo ilibebwa na wapagazi. Wengi wao walichukuliwa vijijini bila kuulizwa, na katika kampeni ile makumi ya maelfu walikufa kwa njaa, kuhara, malaria na uchovu. Jina la Kariakoo ya Dar linatokana na kikosi chao, Carrier Corps. Nayaeleza haya kwa sababu mtu anayetaka kuandaa mbio za mateso kwa starehe katika eneo hili lazima ajue kwamba wengine waliyapata mateso hayo bila kuchagua. Ukijua hivyo, hutawachukulia watu wa kijiji kama mapambo ya picha zako.

Kwenye habari ya Clapham, chukua mambo mawili. Kwanza, alianza na watu 34. Pili, hakuuza kasi yake. Aliwapa watu njia na sababu ya kuipita.

3. Mtu wa Kilimanjaro

Mfano wa nyumbani kabisa ni Simon Mtuy wa Kilimanjaro. Kazi yake ni ya mlimani, kuongoza wageni, na mapenzi yake ni kukimbia. Mwaka 2006 alipanda Kilimanjaro hadi kileleni na kushuka kwa saa tisa na dakika kadhaa, bila kusaidiwa na mtu. Amekimbia pia Western States, zile mbio za maili 100 za California.

Rekodi zina tabia yake: mwingine huja. Mwaka 2014 Karl Egloff wa Ecuador alipanda na kushuka mlima huo huo chini ya saa saba. Lakini Mtuy alikuwa ameshajenga kitu ambacho rekodi haiwezi kukichukua. Alianzisha kampuni ya kuongoza wageni, na akaanzisha mbio za hatua kwa hatua za kuuzunguka mlima kwa siku kadhaa, zinazopita njia za vijijini, chini ya migomba na kahawa. Mgeni anayekuja analipia kuongozwa na mwenyeji anayeijua kila kona. Muda wa Mtuy kileleni unaweza kuvunjwa na mtu wa nje, lakini wenyeji wake hauvunjwi.

Sasa jiulize wewe: wenyeji wako uko wapi?

4. Mradi unapimwa kwa mtu wa mwisho

Kila Mtanzania anamjua John Stephen Akhwari. Mexico, mwaka 1968, aliumia goti njiani, akamaliza marathoni wa mwisho kati ya 57 waliofika, kwa saa 3:25:27, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Tunapomsifu Akhwari huwa tunasahau upande mmoja: kulikuwa bado na watu uwanjani, na muda wake uliandikwa. Angekuta geti limefungwa, leo tusingekuwa na hadithi.

Kwa hiyo ukiandaa mbio, hata za watu kumi, usipange kwa kumfikiria wa kwanza. Wa kwanza atafika tu. Panga kwa kumfikiria wa mwisho. Tuchukue kilomita 50 kama mfano.

*Muda.* Mtu wa polepole, ukijumlisha kutembea na kupumzika, atatumia kama dakika 10 kwa kilomita. Hiyo ni dakika 500, sawa na saa 8 na dakika 20. Mkianza saa 12 kamili asubuhi, atafika saa 8:20 mchana, kwenye jua la Morogoro. Ndiyo maana huwezi kufunga meza saa sita. Na ndiyo maana lazima utangaze mapema muda wa kufunga njia, na siku ikifika uusimamie bila kuoneana aibu.

*Njia.* Usiwapitishe watu barabara kuu. Malori ya pale hayana mchezo. Reli mpya ya SGR nayo imezungushiwa uzio, na haivukwi ovyo. Tafuta mzunguko wa kilomita 10 kwenye njia za ndani, mzunguke mara tano. Kwa mzunguko huo unahitaji kituo kimoja tu cha huduma, na mtu yeyote akidondoka, hayupo zaidi ya kilomita 5 kutoka kituoni. Bodaboda inamfikia.

*Chakula.* Kukimbia kunatumia takriban kilokalori 1 kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Mtu wa kilo 60 akienda kilomita 50 anatumia kama 3,000. Akiba ya wanga iliyo kwenye misuli na ini ni kama 2,000. Mwili huunguza mafuta pia, lakini wanga ukiisha utamwona mtu amekaa chini ya mwembe hataki hata kuongea. Anahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Ndizi mbivu moja ya wastani ina kama 25. Kwa hiyo ndizi mbili kwa saa, au viazi vitamu vya kuchemsha vyenye chumvi, vinatosha kabisa. Zile pakiti za jeli za bei mbaya waachie wenye nazo.

*Maji.* Hapa ndipo watu wanapoumia kwa nia njema. Maji matupu mengi mno huzimua chumvi ya damu, na ikishuka sana ubongo huvimba. Utafiti uliofanyika kwenye marathoni ya Boston ya 2002 na kuchapishwa 2005 uliwapima wakimbiaji 488, ukakuta asilimia 13 chumvi yao imeshuka chini ya kawaida. Waambie watu wanywe wanaposikia kiu, na uweke ORS na chakula chenye chumvi mezani. Makadirio ya juu: watu 40, lita 0.6 kwa saa, saa 8, unapata lita 192. Hizo ni dumu 10 za lita 20. Ah, na jambo moja la lazima: mtu asimeze diclofenac au ibuprofen ili aendelee. Mwili ukiwa umekauka, dawa hizo zinaweza kuumiza figo.

5. Kijiji si uwanja wa bure

Nilipotaka kuwapitisha watu kwenye njia za mashamba, nilienda kwanza kwa mwenyekiti. Ni mjomba wa upande wa mama, na kwetu Waluguru mjomba si mtu wa kupitwa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nimesikia unataka kuleta watu wakimbie. Wanakimbia nini?"

"Wanafanya mazoezi mjomba. Wengine wanatoka Dar."

"Watoke Dar waje wakimbie huku, kule hakuna barabara?" Akacheka kidogo, kisha akakaza uso. "Haya. Kiangazi kinamama wanapanga foleni ya maji tangu usiku. Hao watu wako watakunywa wapi?"

"Maji tutakuja nayo kutoka mjini. Kisima hatugusi."

"Chakula?"

"Chakula tutanunua hapa hapa. Kwa mama lishe, tumlipe kabla ya siku."

"Na mahindi ya watu yakikanyagwa?"

"Tunapita baada ya mavuno, mjomba. Julai."

Mazungumzo yale yalinifundisha kuliko semina yoyote ya ujasiriamali niliyohudhuria. Maswali yake matatu, maji, chakula na mazao, ndiyo mpango mzima wa mradi. Msimu wenyewe unajipanga hapo hapo: epuka masika, Machi hadi Mei, na kaa kwenye miezi ya kiangazi, Juni hadi Septemba.

6. Hesabu kwenye karatasi

Mfano huu ni wa kufundishia, weka bei zako. Gharama zisizobadilika, waje watu watano au hamsini: bodaboda mbili za dharura 60,000, mtoa huduma ya kwanza 50,000, vifaa vyake 40,000, mchango wa kijiji 60,000, kufuatilia vibali 30,000, chokaa na utepe wa alama 20,000. Jumla 260,000.

Gharama za kila mkimbiaji: matunda na viazi 2,500, maji na ORS 1,500, chakula cha mchana 3,000. Jumla 7,000.

Kiingilio kikiwa 15,000, kila mtu anakuachia 8,000. Gawa 260,000 kwa 8,000, unapata 32.5. Maana yake watu 32 bado ni hasara, na mtu wa 33 ndiye anayekutoa. Wakija 40, unabaki na 60,000. Ndiyo, sitini elfu, kwa kazi ya miezi miwili. Usikunje uso. Hesabu hii inakwambia jambo la maana: tukio moja kubwa haliwezi kuwa mradi. Kinacholipa kodi ya chumba ni kazi ndogo ya mara kwa mara. Jumamosi unawaongoza watu watano kwenye njia za Mikese kwa 10,000 kila mmoja, gharama yako ni ndizi na nauli. Tukio la mwaka linakutangaza, na Jumamosi ndizo zinazokulisha.

Soko lipo. Tangu Juni 2024 treni ya SGR inamfikisha mtu wa Dar Morogoro kwa muda usiofika saa mbili. Mjini kuna vikundi vya jogging vinavyotafuta mahali papya kila mwezi. Na mlima upo hapo hapo: kilele cha Lupanga kina mita 2,138, wakati mji uko kwenye mita 500 hivi. Mwanariadha wa Dar hana kitu kama hicho nyumbani.

7. Karatasi tusizozipenda

Sisi watu wa mbio hatupendi ofisi, lakini bila ofisi hakuna mradi. Barua ya kwanza ni ya serikali ya kijiji. Pili, onana na afisa michezo wa halmashauri. Michezo nchini inasimamiwa na Baraza la Michezo la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na klabu husajiliwa huko. Afisa atakuelekeza pia kwa wasimamizi wa riadha wa mkoa. Tatu, polisi wajulishwe. Nne, ukitaka kuingia msitu wa hifadhi wa Uluguru, ni eneo la TFS na kuna ada. Tano, ukianza kupokea hela za watu mara kwa mara, jina la biashara lipo BRELA na TIN ipo TRA. Fanya taratibu, moja kwa mwezi. Hakuna iliyo ngumu kuliko kilomita ya 45.

8. Na mapenzi yenyewe je?

Swali hili ndilo linaloninyima usingizi, kwa hiyo silikwepi. Kitu unachokipenda kikianza kuleta hela, kinaanza kudai. Jumamosi uliyokuwa unakimbia peke yako, sasa unakimbia nyuma ya mtu anayetapika. Unahesabu dumu badala ya kilomita. Wapo watakaochoka na mbio zenyewe, na UE haimsubiri mtu.

Mimi nimejiwekea sheria tatu. Asubuhi moja kwa wiki ni yangu, simu naiacha chumbani. Wiki tatu kabla ya UE hakuna mteja, hata alipe mara mbili. Na kama mwezi mzima sijafurahia kukimbia hata siku moja, mradi unasimama kwanza. Bumu ni dogo, najua. Ila mbio ndizo zilizonipa akili ya kukaa na kitu kigumu muda mrefu, na akili hiyo ndiyo ninayoitumia maktaba. Nikiiuza yote, nitabaki na sitini elfu na sapu.

Zoezi

Chukua karatasi leo, iwe unakimbia, unaogelea, unaendesha baiskeli au unapanda milima. Jibu maswali manne:

1. Ni njia au mahali gani unapajua kuliko mgeni yeyote?
2. Mtu wa mwisho atatumia saa ngapi, atakula nini, atakunywa nini, na nani atamsubiri?
3. Ni nani anaishi kwenye njia hiyo, na atapata nini kutoka kwako?
4. Ni mtu wa ngapi anayekutoa kwenye hasara?

Ukijibu yote manne bila kubahatisha, una mradi. Ukishindwa swali la tatu, nenda kijijini ukakae, usikilize kwanza. Na ukitaka kuanza na kilomita chache tu, Jumamosi saa 12 asubuhi kuna watu Mikese. Njoo na chupa yako ya maji.